Duka Likiwa Sebuleni: Jinsi ya Kulinda Mtaji na Usingizi Wako

Ukiwa na duka sokoni, jioni unafunga, unatia funguo mfukoni na kwenda zako nyumbani. Lakini duka likiwa hapo hapo nyumbani, unaenda wapi? Sebule ndiyo stoo. Jiko ndilo kiwanda. Watoto wanataka chai, mteja anapiga hodi, na simu inalia kwa sababu mtu mwingine anauliza kama sukari bado ipo.

Wateja wetu wengi wanafanya biashara za namna hii: mahamri ya asubuhi, sabuni na sukari zinazouzwa dirishani, barafu, samaki wa kukaanga, ushonaji, mikeka. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya utafiti wao kuhusu pesa za simu hapa Kenya. Walikadiria kwamba huduma hiyo ilisaidia wanawake wapatao 185,000 kuhamia kwenye biashara kama kazi yao kuu. Hizo ni habari njema. Ila kuna jambo ambalo takwimu za namna hiyo hazielezi: yule mama ambaye biashara yake inauza vizuri, lakini usiku halali.

Leo tunazungumza naye. Kazi nyingi huchosha mwili, na mwili ukipumzika hupata nguvu tena. Kinachonyima watu usingizi katika biashara ya nyumbani mara nyingi ni kukosa mipaka miwili: mpaka wa pesa na mpaka wa saa. Tutaanza na ule wa pesa, kwa sababu ukishaukamata huo, wa saa unakuwa rahisi.

Kwa nini tunaitazama Kilelengwani

Kilelengwani ni kijiji cha Tana Delta, katika eneo bunge la Garsen, kaunti ya Tana River. Ni upande wa chini wa mto, kuelekea Kipini ambako Tana inaingia baharini. Huku Wapokomo wanalima na kuvua, Waorma na Wardei wanafuga ng'ombe, na wote wanahitaji unga, sukari, majani ya chai na vocha ya simu.

Mfanyabiashara wa hapa ana mtihani ambao mwenzake wa mjini huenda haujui vizuri. Kila mteja wake ana kalenda yake ya pesa. Mkulima atalipa akiuza maembe. Mfugaji atalipa akiuza mbuzi. Mvuvi atalipa samaki wakipatikana. Mwalimu atalipa mwisho wa mwezi. Lakini unga wa mahamri unanunuliwa kila siku, na anayeuza unga naye hataki kusikia habari za maembe.

Pia hapa ni mahali ambapo ujirani si jambo la mchezo. Septemba 2012 Kilelengwani ilishambuliwa wakati wa mapigano yaliyoikumba Tana Delta, watu wengi wakauawa na nyumba zikachomwa. Waliobaki walilazimika kujenga upya nyumba zao na kuishi tena na majirani. Kwa hiyo tukisema "jifunze kukataa deni", tunajua hatuzungumzi na mtu anayeweza kumfokea jirani yake halafu maisha yaendelee kama kawaida. Kukataa kwenyewe kuna adabu yake, na tutafika hapo.

Hesabu inayokunyima usingizi

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja anapika mahamri na kuuza vitu vidogo vidogo dirishani. Kila siku anahitaji shilingi 1,200 kununua unga, sukari, mafuta, nazi na kuni. Akiuza vyote anapata 1,800. Faida yake ni 600. Biashara nzuri, sivyo?

Sasa tuangalie siku yenyewe ilivyo. Watu wanane wanasema "niandikie", kila mmoja shilingi 50. Hiyo ni 400 ambayo haijaingia. Mkononi amebaki na 1,400. Jioni anachukua 300 kwa samaki wa chakula cha usiku na kitabu cha mtoto. Amebaki na 1,100. Kesho anahitaji 1,200.

Biashara imepata faida, lakini asubuhi pesa ya unga haitoshi. Hapo ndipo mawazo yanapoanza. Saa nne usiku yuko macho: nimkope nani? Nimpigie nani anilipe? Nipunguze mahamri? Kesho yake anapika kidogo, anauza kidogo, na mwisho wa wiki anaanza kuamini kwamba hajui biashara. Biashara anaijua vizuri sana. Shida ni kwamba pesa ya mtaji, pesa ya nyumba na pesa ya madeni zote zinakaa kwenye mfuko mmoja, na mwenye kuhitaji kwanza ndiye anayechota.

Mtaji uondoke kwanza

Dawa yake ni kubadilisha mpangilio. Jioni, kabla hujagusa pesa ya samaki, toa ile 1,200 ya kesho uiweke mahali pake. Kinachobaki ndicho cha kugawanya.

Mahali pake ni wapi? Kuna njia kadhaa, chagua inayokufaa:

- Namba ya biashara, yaani till, iliyo tofauti na namba yako ya kawaida. Wateja wanalipa huko, na pesa ya nyumbani inabaki kwenye laini yako.
- Akaunti ya akiba kwenye simu. Hii inafaa kwa pesa ambayo hutaki kuiona kila ukiangalia salio.
- Laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Usitumie laini ya mtoto wala ya jirani, hata mkiaminiana vipi.

Kabla ya kuhamisha, angalia ada. Kama kuhamisha kila siku kunakula pesa, hamisha mara moja au mbili kwa wiki, na siku nyingine tumia daftari na bahasha. Lengo ni mtaji usichanganyike na pesa ya mboga, na bahasha iliyoandikwa "UNGA" inafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo la pili: jilipe. Wenye biashara za nyumbani wengi hawajilipi mshahara, wanachota tu. Kuchota hakuna kikomo. Weka kiwango, tuseme 300 kwa siku, na hicho ndicho kiwe cha nyumba. Siku ukihitaji zaidi, angalau utajua umevuka, na utajua ni kwa kiasi gani.

Kila wiki, siku ya mapumziko yako, fungua taarifa ya malipo kwenye simu. Soma kilichoingia na kilichotoka. Dakika kumi na tano zinatosha. Kichwa hakiwezi kubeba hesabu ya watu thelathini na bado kikakumbuka dawa ya mtoto. Yaliyoandikwa huna haja ya kuyarudia kitandani.

Deni lina adabu yake

Kukopesha ni sehemu ya biashara kijijini. Ukikataa kila mtu utabaki na mahamri yako. Ukikubali kila mtu utabaki na daftari lako. Kwa hiyo weka kikomo cha siku nzima, badala ya kubishana na mtu mmoja mmoja.

Turudi kwa mama wetu wa mfano. Akisema deni la siku halitapita 200, basi mkononi anabaki na 1,600. Anatoa 1,200 ya mtaji, 300 ya nyumba, na bado ana 100. Hiyo 100 akiiweka kila siku kwa siku thelathini ana 3,000. Mauzo ni yale yale, wateja ni wale wale. Mama yule yule aliyekuwa akilala na upungufu wa 100 sasa analala na akiba ya 100.

Kikomo kikifika, maneno ni haya: "Mwenzangu, ya kuandika leo imeisha. Kesho asubuhi njoo mapema utapata nafasi." Hujamwambia humwamini wala hujamlinganisha na jirani. Umesema habari ya daftari tu, na daftari halina ugomvi na mtu.

Kwa madeni marefu, yale ya "tukiuza maembe", kubalianeni mambo matatu: kiasi, tarehe, na kama atalipa kidogo kidogo au kwa mkupuo. Andika mbele yake. Akilipa kwa simu, acha ujumbe wa malipo usifutwe, ndio risiti yenu nyote wawili. Na usimkopeshe mtu wa aina hii kwa kutumia mtaji. Mkopeshe kutoka kwenye akiba, kwa kiasi ambacho kikichelewa hakitazima jiko lako.

Ndugu ni habari nyingine. Shemeji akisema "nikatie sukari nusu", unajua na yeye anajua kwamba hiyo hairudi. Ukiiandika kama deni, kila ukimwona roho inakuuma, naye anaanza kupita njia ya nyuma. Afadhali upange mapema: wiki hii naweza kutoa vitu vya shilingi 150 kwa familia. Ukitoa, ni zawadi, umemaliza. Ikiisha, sema kwa upole kwamba ya wiki hii imeisha. Undugu utabaki, na hesabu yako haitakuwa na uongo ndani yake.

Mlango nao ufungwe

Sasa tuje kwenye saa. Mwenye duka la nyumbani huwa na hofu moja: nikifunga, mteja ataenda kwingine. Lakini hebu piga hesabu ya wale wanaobisha hodi baada ya saa tatu usiku. Mara nyingi ni kiberiti, ni sukari ya shilingi 20, ni vocha. Faida yake haizidi shilingi chache, na bei yake ni usingizi wako wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kukanda unga.

Hapa kijijini saa ipo tayari, haihitaji kununuliwa. Adhana inasikika mara tano kwa siku, na hata asiyeswali anajua sasa ni wakati gani. Unaweza kuipanga siku kwa adhana:

- Alfajiri hadi saa tatu asubuhi: kupika na kuuza. Saa hizi simu ni ya biashara tu.
- Saa tatu hadi adhuhuri: kazi za nyumba na shamba. Dirisha liko wazi, lakini hupiki kitu kipya.
- Adhuhuri hadi alasiri: pumzika. Jua la delta wakati huo halimfai mtu, na wateja wenyewe wamejilaza.
- Alasiri hadi magharibi: kuuza tena, kununua vitu vya kesho, kwenda kwa wakala.
- Magharibi hadi isha: funga hesabu, toa mtaji, kaa na watoto.
- Baada ya isha: dirisha limefungwa.

Zingatia hiyo ya wakala. Ukisubiri usiku ndipo ukumbuke kwamba unahitaji pesa taslimu, unaweza kumkuta amefunga au hana pesa za kutosha. Hilo peke yake linaweza kuharibu asubuhi yako yote. Nenda alasiri.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote inageuka. Wateja wa asubuhi wanapungua, na biashara inahamia kabla ya futari. Usijaribu kufanya zote mbili. Lala mchana, pika alasiri, na uamue mapema kama utauza usiku au hapana.

Kuwazoesha watu kunachukua kama wiki mbili. Weka alama inayoeleweka: pazia likishushwa dirishani, tumefunga. Akija mtu, jibu ukiwa ndani kwa sauti nzuri: "Karibu kesho asubuhi, nitakuwekea yako." Halafu kesho kweli umwekee. Mteja akijua neno lako ni la kweli, atazoea saa zako.

Bila shaka dharura ni dharura. Mtoto ana homa na mama yake anataka chumvi na sukari ya kumchanganyia maji ya kunywa: fungua. Kila mtu kijijini anajua tofauti ya hodi hiyo na hodi ya kiberiti.

Na kama nyumba ina mume, vijana au dada, wape kazi yenye jina. "Nisaidieni" ni neno linaloelea. "Wewe kila jioni unachota maji ya kukandia, wewe unahesabu chupa" ni neno linaloshika.

Uchovu ni mlango wa matapeli

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Matapeli wa simu hupenda mtu aliye na haraka. Watakupigia asubuhi mafuta yakiwa motoni: "Mama, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie haraka, mgonjwa yuko hospitali." Au watatuma ujumbe unaofanana na wa malipo, kumbe umetoka kwenye namba ya kawaida.

Sheria ni tatu. Kwanza, usitoe bidhaa wala kurudisha pesa kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Pili, PIN haiombwi na mtu yeyote, hata anayejitambulisha kama mfanyakazi wetu. Tatu, ukihisi unaharakishwa, kata simu. Kama kweli pesa ilitumwa kimakosa, aliyetuma ana njia rasmi ya kuomba irudishwe kupitia huduma kwa wateja. Hana haja ya kukulilia.

Mfuko wa mto

Watu wa Tana Delta wanajua kitu ambacho wageni hushangaa: mafuriko yanaweza kufika siku ambayo kwako hakuna wingu. Mvua inanyesha huko juu, Aberdare na Mlima Kenya, mabwawa yanajaa, na maji yanashuka mpaka huku. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kaunti hii zilihama kwa sababu ya maji.

Kwa mwenye biashara ya nyumbani, nyumba ikiingia maji, duka nalo limeingia maji. Ndiyo maana ile 100 ya kila siku tunaiita mfuko wa mto. Iweke kwenye simu, usiiweke kwenye kopo. Kopo likienda na maji limekwenda. Simu ikizama, pesa haimo ndani ya simu: ukiwa na kitambulisho chako na laini imesajiliwa kwa jina lako, unarudishiwa laini na salio lako lipo.

Misimu ya mvua ikikaribia, yaani Machi na Oktoba, fanya haya:

- Punguza stoku. Gunia zima la sukari ni la wakati wa kiangazi.
- Piga picha kurasa za daftari la madeni, mtumie mtu unayemwamini aliye mbali na mto.
- Sikiliza redio kila jioni kama kuna tangazo la mabwawa kufurika.
- Chaji simu mapema, na uandike pembeni namba tatu muhimu, kwa sababu simu ikizima kumbukumbu nayo huzima.

Hutaweza kuuzuia mto. Lakini mtu aliyejiandaa anaogopa kwa siku zile maji yakipanda tu, si mwaka mzima.

Kabla ya kubonyeza "kopa"

Usiku wa mawazo ndio usiku ambao mikopo ya simu inaonekana mitamu. Mkopo si adui. Ukikopa kununua katoni ambayo una wateja wake tayari, unajua utalipa na nini. Ukikopa kuziba shimo la pesa ya mboga, kesho shimo ni lile lile na deni liko juu yake.

Soma masharti. Mfano, Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, ilianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14 kulipa mkopo wa mtu binafsi. Riba hiyo ni ndogo, lakini siku 14 ni chache kwa mtu anayesubiri maembe. Linganisha tarehe ya kulipa na tarehe ambayo wateja wako wanapata pesa. Zikipishana, subiri.

Na ujue haki yako: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuchukua namba zilizo kwenye simu yako na kuwatumia watu wako ujumbe kwa sababu umechelewa kulipa. Akikufanyia hivyo, amevunja kanuni, na unaweza kulalamika.

Mawazo yakizidi

Kuna wakati mpangilio pekee hautoshi. Ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, ukiwafokea watoto bila sababu, ukiona huna hamu ya chakula wala ya watu, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa dhaifu. Zungumza na mtu unayemwamini, na mhudumu wa afya ya jamii, au nenda zahanati. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya ushauri, 1199. Kupiga hakuhitaji salio.

Uanzie wapi

Usibadilishe yote kesho. Leo jioni, kabla ya kutoa pesa ya samaki, hesabu mtaji wa kesho uuweke pembeni. Fanya hivyo kwa siku saba. Wiki ya pili ongeza kikomo cha deni. Wiki ya tatu shusha pazia baada ya isha.

Kama bado hujatenganisha namba yako ya biashara na ya nyumbani, tembelea wakala aliye karibu nawe ukiwa na kitambulisho, akueleze namna ya kujisajili na ada zake. Uliza maswali yote. Pesa ni zako, na usingizi pia ni wako.